Malalamiko: Mfupa kupita kiasi katika pakiti za nyama mbichi ya mbwa

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: PAKITI ZISIZOLINGANA NA LEBO, NA SIMU NILIYOKATIWA

Ndugu Meneja,

Kwa heshima naomba uisome barua hii mpaka mwisho, maana kwa simu sikusikilizwa.

Lebo yenu inasema nyama ya misuli asilimia 80, mfupa 10, ini 5 na viungo vingine vya ndani 5. Mbwa mzima wa kilo 20, akila asilimia 2.5 ya uzito wake, anapata gramu 500 kwa siku: nyama 400, mfupa 50, ini 25, figo au wengu 25. Hesabu hiyo mmeichapa wenyewe. Lakini pakiti ikishayeyuka, chenga za mfupa zimejaa kila unapogusa na ini halionekani. Mbwa wangu akaanza kutoa kinyesi kikavu, cheupe kama chaki, kisha akawa anachuchumaa na kujikamua bila kupata choo.

Hizo ni dalili za mfupa kuzidi. Hapo unaongeza nyama isiyo na mfupa bila kuondoa mfupa wote, kwa sababu nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mbwa mchanga akilelewa hivyo mifupa hulainika na kuvunjika. Ndiyo sababu nilipiga simu. Nilitaka kujua asilimia halisi ya mfupa katika toleo lile, yaani pakiti zilizotengenezwa pamoja na yangu, basi.

Mhudumu wenu akasema kinyesi cheupe ni dalili ya afya. Nilipomweleza kwamba mbwa anajikamua mpaka anatetemeka, akasema nimpe mafuta ya kupikia. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake, "Ni yule wa mbwa tena." Wakacheka. Simu ikakatwa.

"Tena" yake ilitokana na mzigo wa kabla ya huo, ulioletwa umelainika, damu imevuja hadi nje ya boksi. Nyama inayopaswa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri! Jibu likawa "irudishe kwenye friza". Friza haiui salmonela, bakteria waletao maradhi ya tumbo, inaizuia tu isizaliane. Ile iliyokwisha kuzaliana njiani itakuwepo pakiti ikifunguliwa, na atakayeishika ni mtu mwenye bakuli na kisu mkononi. Kuhusu mwongozo wenu unaoagiza mbwa aachishwe chakula kikavu ghafla, kwa usiku mmoja, nasema hivi tu: urekebisheni. Mbwa huanzishiwa aina moja ya nyama, robo ya mlo, kisha nusu, kisha robo tatu, kwa siku 7 hadi 10, na ini huja mwishoni kwa vipande vidogo, la sivyo ataharisha.

Narudi kwenye simu ile, kwa sababu haivumiliki. Mnyama ana maumivu, swali ni moja, jibu lake ni namba moja ambayo kiwanda chenu lazima kinayo. Badala ya namba nikapewa mafuta, ambayo kwa mbwa aliyekwisha kuvurugika tumbo yanaweza kuchochea uvimbe wa kongosho. Badala ya "samahani" nikapewa kicheko, na mhudumu hakungoja hata nimalize sentensi.

Naomba nirudishiwe fedha za mizigo yote miwili. Pia gharama za daktari wa mifugo, risiti zimeambatishwa. Pia matokeo ya kipimo cha kalsiamu na fosforasi cha toleo hilo, kwa maandishi. Na kwa kuwa pakiti za toleo hilo bado mnaziuza, naitaka kampuni iziondoe sokoni na kuwatahadharisha walionunua, hasa wenye mbwa wachanga.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Pakiti mbili ambazo hazijafunguliwa ziko kwenye friza yangu. Siku ya 8, moja itakwenda maabara na nyingine kwa mamlaka ya usalama wa chakula pamoja na nakala ya barua hii, na madai yangu yatapelekwa mahakamani. Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi, na jibu liwe na sahihi yako wewe Meneja.

Wenu,
Mteja