Bili ya kiharusi inalipwa wapi

Rehema mpendwa,

Salamu kwako na kwa shemeji. Sisi huku tu wazima. Ujumbe wako kuhusu kikao chenu cha bima nimeusoma, na swali la yule mzee halijanitoka: kwa nini mfuko ulipe mamilioni kumtoa mgonjwa mmoja wa kiharusi donge la damu lililoziba mshipa kichwani, wakati fedha hizo zingetibu malaria kijiji kizima?

Swali ni la haki, ila mzee ametazama bili ya siku moja tu. Daktari huingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa kinenani, akaupandisha hadi ubongoni, akalinasa donge na kulivuta nje. Vifaa vyake hutumika mara moja vikatupwa, ndiyo maana bei inatisha. Mgonjwa asipofanyiwa, gharama zinahamia nyumbani. Wodini kwetu yupo mama ambaye binti yake ameacha kazi ya duka ili amgeuze kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, amlishe uji kwa mpira wa puani, ambadilishe pampasi usiku. Jasho la binti huyo mmeliandika wapi kwenye jedwali lenu la gharama?

Wakikwambia haya ni mambo ya Ulaya, wape habari za Brazili. Wizara ya Afya ya kule iligharamia utafiti wa RESILIENT katika hospitali 12 za umma, kwa wagonjwa 221, matokeo yakachapishwa 2020. Baada ya siku 90, asilimia 35 ya waliotolewa donge walikuwa wanajitegemea. Kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake, ni asilimia 20.

Wale walioumia sehemu kubwa ya ubongo, ambao zamani tuliwakatia tamaa, nao hunufaika. Utafiti wa SELECT2 wa 2023 ulikuta asilimia 20 ya waliotolewa donge wakijitegemea, dhidi ya 7 ya wasiotolewa. Kwa kundi hili hesabu inabana zaidi, maana wengi bado hubaki na ulemavu na kuhitaji mtu wa kuwatunza. Hata hivyo, anayeweza kwenda chooni kwa miguu yake hamlemei mlezi kama asiyeinuka kitandani, na kipimo chenu lazima kiione tofauti hiyo.

Ila tafadhali, msikubali mashine ya kazi hii ya kutoa donge inunuliwe kila mkoa. Kila dakika mshipa ukiwa umeziba, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 zinakufa. Mashine itamsaidia nini mgonjwa anayeletwa kesho yake kwa sababu nyumbani walidhani ni upepo mbaya? Mngeanza na kituo kimoja chenye timu ya kukesha, na CT-Scan inayopiga picha hata usiku wa manane, na gari la wagonjwa lenye mafuta. Hayo matatu yasipolipiwa, mzee atakuwa amesema kweli.

Nitumie jedwali kabla halijafika kwa bodi, nikusaidie kuandika safu ya walezi.

Wako,
Zawadi