Risala ya kikundi cha akina mama wakulima wa mboga, milima ya Usambara, kwa mgeni rasmi siku ya kuvunja kikoba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Mtendaji wa Kata na Wenyeviti wa Vijiji,
Afisa Maendeleo ya Jamii,
Viongozi wetu wa dini, wageni waalikwa na wanakikundi wenzangu,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kupanda milima hii na utelezi huu wa masika ili uvunje kikoba pamoja nasi, tugawane akiba tuliyoweka.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2017 na akina mama 14. Leo tuko 27. Tunalima kabichi, karoti na pilipili hoho. Kila Jumatano tunakutana, tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa, na tunakopeshana. Sanduku letu hilo hapo mezani mbele yako. Lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa akina mama watatu wa vitongoji vitatu, wala mweka hazina si mmoja wao. Tangu tuanze, halijafunguliwa hata mara moja pasipo wote kuona. Hesabu za hisa, mikopo na marejesho zipo kwenye taarifa tuliyokukabidhi, hatutazisoma hapa. Tumekubaliana risala ya leo izungumzie jambo moja, intaneti, kwa sababu ndilo lililotuumiza kuliko mbolea na kuliko ukungu wa kabichi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapo ulipoketi simu inapiga na kupokea. Intaneti hakuna. Anayetaka kufungua WhatsApp anapanda kwenye jiwe lililo juu ya shamba la msikiti, na sisi tunaliita Jiwe la Mtandao. Ukipita asubuhi utakuta akina mama sita au saba wamesimama juu yake, simu wamezinyanyua, wanasubiri bei ya soko la Ilala kule Dar es Salaam. Mwaka juzi dalali alikuja na bei yake. Mwenzetu akasema ngoja nihakikishe, akapanda jiwe, akakuta Ilala wanauza mara mbili na zaidi. Aliposhuka, gari lilikuwa limeshapakia na wenzake wameshapokea fedha.

Tunajua Serikali haijalala. Sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ni ya mwaka 2006, na kazi ya Mfuko huo ni kuwafikia watu kama sisi, ambao kampuni ya simu ikipiga hesabu zake peke yake haioni faida ya kutufuata. Mei 2023 tulisikia redioni Mfuko umesaini mikataba ya minara 758 katika kata 713, Rais wetu akishuhudia. Tulipiga vigelegele siku ile tukiwa tunapalilia. Mkongo wa Taifa nao, ile nyaya kuu ya intaneti, tunaambiwa unazidi kusambazwa wilayani. Kilichobaki ni kipande hiki cha mwisho cha kupanda mlima, na kipande hiki ndicho kinachotugharimu kwa namna ambayo pengine huko mjini haionekani.

Mheshimiwa, mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliporudi mwaka 2024 baada ya kusitishwa, maombi yake yanajazwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Ni jambo jema, linapunguza upendeleo. Lakini sisi mfumo hatuufikii, kwa hiyo viongozi wetu watatu walipanda bodaboda hadi barabarani, kisha basi, hadi steshenari mjini. Kijana wa pale ni mwema na hatumlaumu. Alitufungulia barua pepe ya kikundi kwa namba yake ya simu. Neno la siri alilichagua yeye. Akaliandika kwenye kaunta buku lake, na chini yake akaandika namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za viongozi wetu, tarakimu 20 kila mmoja, na siku ya kuzaliwa ya kila mmoja. Katibu wetu alipomsaidia kugeuza ukurasa aliona majina ya watu wengine mstari kwa mstari: vikundi, wastaafu, vijana walioomba mikopo ya elimu ya juu. Neno la siri la wengi wao lilikuwa moja. Buku lile linalala juu ya mashine ya fotokopi, na kila anayeingia analiona.

Sisi wenye kufuli tatu, tuliacha siri zetu zote pale tukalipa na fedha juu.

Tuliporudi ndipo tukaanza kuhesabu ni mara ngapi tumefanya hivyo. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mawakala walikuja na miavuli yao siku ya gulio. Vidole vyetu ni vya jembe, Mheshimiwa, michoro imefutika, mashine haivisomi. Unabonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya nne, wakala anasema jaribu tena, mama. Mwaka jana mwalimu mmoja alitufundisha kubonyeza *106# ili mtu aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akina mama wawili kati yetu walikuta laini wasizozijua, pengine zilisajiliwa kwa kule kurudiarudia vidole. Laini za namna hiyo ndizo watu wanazotumia kutuma zile meseji za “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Zimefungwa sasa, lakini mpaka leo hawajui zilifanyia nini watu wengine.

Lipo la tatu, nalo ni zito. Mwenzetu aliyelipata yuko hapa, ametupa ruhusa tulisimulie, ila jina lake ametuomba tulihifadhi. Mwaka 2024 mtoto wake aliugua na kikoba kilikuwa kimeshakopesha fedha zote. Akapanda jiwe, akapakua programu moja ya mikopo kwenye simu. Ilimuuliza kama inaruhusiwa kusoma majina yaliyomo kwenye simu yake. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Akabonyeza kukubali, kwa kuwa bila hivyo hapati. Aliomba shilingi 80,000, zikaingia 58,000, arudishe zote ndani ya siku saba. Siku ya nane meseji zilianza kwenda kwa mchungaji wake, kwa mama mkwe, kwa mnunuzi wake wa karoti, kwa mwalimu wa mwanawe: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Wiki tatu hakuonekana kanisani. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na tunaishukuru. Kwake yeye tangazo lilikuja meseji zimeshafika.

Na sheria ilikuwepo. Hilo ndilo linalotuuma. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha ya mtu binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Mwenzetu alikuwa na haki ya kulalamika, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kuanzia mwenyekiti hadi mimi ninayesoma hapa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie kwa hili linalofuata. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, kwa siku kadhaa jiwe letu halikuwa na kazi. Siku zile zilikuwa na machungu makubwa kuliko kabichi, na hatusemi ili kuyapunguza. Tulitafuta watoto wetu walioko Dar es Salaam kwa simu za kawaida mpaka vocha zikaisha. Tunaomba ufikishe huko juu kwamba mtandao ukizimwa, anayeumia ni pamoja na mama asiye na njia nyingine ya kujua mwanawe yuko wapi. Sheria iseme wazi nani anaweza kuuzima, kwa sababu gani na kwa muda gani, na sisi tuelezwe.

Kwa hayo, tunaomba kata yetu iingizwe kwenye awamu ijayo ya minara, na mnara uwe wa intaneti yenye kasi, si wa sauti tu. Wakati tunausubiri, ofisi ya kata ipatiwe kompyuta moja na mtandao, na mtumishi aliyeapa kutunza siri, ili tujaze fomu zetu hapa hapa na neno la siri tuliandike wenyewe. Malalamiko ya taarifa binafsi yapokelewe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kwani Tume iko mbali nasi. Sheria ile isomwe kwenye mikutano ya kijiji kwa Kiswahili chepesi. Tunajua pia kwamba mwaka 2021 simu janja zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani na mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa. Hilo haliko mikononi mwako, ila sauti yako inafika tusikofika. Kati yetu 27, wenye simu janja ni tisa.

Mheshimiwa, chakula kiko tayari na wali umefunikwa. Kabla hatujala tunakuomba upande nasi hadi kwenye jiwe. Ni mwendo wa dakika 20, akina mama watakushika mkono penye utelezi. Simu yako ije nayo.

Tunaomba kuwasilisha.