Sproketi iuzwe kwa hesabu ya meno, si kwa jina la pikipiki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wenye pikipiki, na zaidi na wenye maduka ya spea. Vijana wengi siku hizi wanabadilisha sproketi (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, dogo la mbele kwenye injini na kubwa la nyuma kwenye tairi) wenyewe nyumbani ili pikipiki isilie sana barabarani. Hatuna ugomvi nao, kwani ni kazi ya saa moja na spana chache. Ubaya unaanzia dukani. Mteja anaomba "sproketi ya mbele ya Boxer", anapewa, anaondoka, na meno hayakutajwa na yeyote. Boxer ipo ya 100, ya 125 na ya 150, na sproketi mbili zinazoingia shafti moja zinaweza kupishana jino. Kesho yake pikipiki haipandi mlima, na lawama zote anabeba fundi wa injini.

Hesabu yenyewe ni rahisi: gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Tuseme mbele 15, nyuma 42. Unapata 2.8, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara 2.8 ndipo tairi limalize mzunguko mmoja. Ukiweka 16 mbele inashuka hadi karibu 2.63. Mwendo uliokuwa unaupata injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, sasa utaupata kwa 5,625. Kwa injini ya silinda moja tofauti hiyo unaisikia viganjani: ule mtetemo unaoacha vidole vimekufa ganzi unapungua, na mlio nao unashuka. Ukitaka matokeo kama hayo kwa kugusa nyuma, itabidi utoke 42 uende 39 au 40. Ndiyo maana watu huanzia mbele. Sproketi ndogo ni ya bei nafuu, na jino lake moja ni karibu sawa na matatu ya nyuma.

Lakini nani anahitaji hilo jino? Anayekwenda Dumila au Doma peke yake, lami imenyooka, mzigo hana, atafurahi. Bodaboda wa mjini hana faida nalo. Ndani ya makazi sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa, kutwa yuko gia ya pili na ya tatu, anasimama na kuondoka mara mia. Kwake jino la kuongeza ni klachi ya kuunguza tu, kwa sababu gia namba moja imekuwa ndefu na kila anapoondoka na abiria analazimika kuichezea klachi kwa muda zaidi. Akipakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ndiyo kabisa.

Na hili la kwamba sproketi kubwa ya mbele "inakula mafuta kidogo" tulipunguze chumvi. Linaweza kuwa kweli pale tu injini bado ina nguvu ya kutosha katika gia ya juu. Ikikosa, unafungua mafuta mpaka mwisho na bado pikipiki inajikongoja, au unarudi gia ya nne uliyotaka kuikwepa. Dalili ya kuwa umepitiliza ni moja ambayo haidanganyi: kwenye barabara tambarare yenye upepo wa mbele, gia namba tano inakupa mwendo mdogo kuliko namba nne. Ukiona hivyo, rudisha sproketi ya zamani. Usiende kuchokoa kabureta.

Wanaoshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta, kule milimani, wanahitaji kinyume chake. Kutoka 15 kwenda 14 mbele kunaongeza nguvu ya kuvuta kwa kama asilimia 7 katika kila gia. Faida ambayo wengi hawaifikirii iko kwenye mteremko: injini inashika zaidi, na breki za nyuma hazipati moto haraka. Gharama yake ni mlio mkubwa kwenye lami na cheni inayochakaa mapema, maana sproketi ikiwa ndogo kila pingili inakunjwa zaidi inapoizunguka. Ukiwa na sababu ya kushuka chini ya hapo, ni afadhali uongeze meno nyuma. Tena, ukipata namna ya kuikwepa 14 kwa 42, ikwepe. Moja inaingia kwenye nyingine mara tatu kamili, kwa hiyo jino lilelile la mbele linarudi kukutana na nafasi zilezile tatu za nyuma, na kama cheni ina pingili 112, jino linakamata pingili zilezile nane maisha yake yote. Kovu moja linachimba mahali pamoja. Si jambo la kukukosesha usingizi, ila 15 kwa 42 huchakaa kwa usawa zaidi.

Kabla ya kufungua chochote, kagua boliti zinazoshikilia injini kwenye fremu na upepo wa matairi. Mtetemo mwingi unaosingiziwa gia ni boliti iliyolegea. Kisha pima cheni. Cheni ya 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi za kazi hapa kwetu, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, hivyo pingili 20 zilizonyooshwa ni milimita 254. Zikifika 257, usifunge sproketi mpya juu ya cheni hiyo. Cheni iliyorefuka haikai tena katikati ya bonde la jino, inapanda ubavuni, na meno mapya yatakuwa na ncha kama kulabu ndani ya muda mfupi. Ya 420 ina umbali uleule wa pini lakini ni nyembamba kwa ndani, milimita 6.35 badala ya 7.94. Sproketi ya 428 haiingii humo. Sproketi ya 420 kwenye cheni ya 428 inaingia, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: inacheza pembeni na kula meno.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, injini imezimwa, ufunguo mfukoni. Fungua kava ya sproketi na ukwangue tope lote, kwa sababu kesho utahitaji kuona kama kuna mafuta yanayovuja kwenye sili ya shafti. Legeza boliti za sproketi ndogo cheni ikiwa bado imefungwa na mtu amekanyaga breki ya nyuma, la sivyo shafti itazunguka nawe. Mara nyingi ni boliti mbili ndogo za spana namba 10 na bamba lake la kufungia. Ndipo ulegeze nati ya ekseli na vikaza cheni vya pande zote mbili, usukume tairi mbele, utoe klipu ya loki ya cheni (pingili inayofungulika).

Weka sproketi mpya ukiangalia upande. Nyingi zina bega upande mmoja, na ukiigeuza cheni inakwenda mshazari milimita kadhaa. Izungushe kwa mkono cheni ikiwa juu yake na uangalie nafasi kati ya cheni na kasha la injini, halafu na kava. Ikigusa, hiyo si ya pikipiki yako. Kuna wanaopiga kasha tupa ili sproketi ya meno 17 ipite; aluminiamu ya pale ni nyembamba, na ufa wake unamwaga oili ya injini. Zile boliti mbili kaza kwa mkono mmoja, usining'inie. Zikikatika, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Jino moja la ziada mbele linavuta ekseli kuja mbele kama milimita 3, kwa hiyo cheni ya zamani kwa kawaida inatosha. Ukipunguza meno matatu nyuma, ekseli inarudi nyuma karibu milimita 10. Kama vikaza vilishafika ukingoni, cheni itabaki ndefu na utalazimika kukata pingili mbili, kwani moja haikatwi peke yake. Klipu irudi ikiwa upande wake uliozibwa unatangulia kule cheni inakoelekea. Ukiiweka kinyume, siku ikigusa kitu inafunguka yenyewe.

Sasa kukaza, sehemu inayoharibu pikipiki nyingi kuliko sproketi zenyewe. Kulegea kwa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni ya chini ndicho kipimo cha nyingi. Stika iliyobandikwa kwenye uma wa nyuma (mkono wa chuma unaoshika tairi) ikisema vingine, ifuate. Lakini usiishie kupima pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi. Ishushe, kaa wewe na watu wawili, kisha bonyeza cheni tena, kwa sababu shokapu zinaposhuka cheni inakaza. Kama chini ya mzigo hailegei hata kidogo, inavuta beringi ya shafti na beringi za habu kila unapopita tuta, na sili ya mafuta ndiyo inayokufa kwanza. Pima pia kutoka boliti ya uma hadi ekseli, kushoto na kulia. Alama zilizogongwa kwenye uma si za kuaminiwa.

Tairi likisogea, breki ya drum nayo imebadilika. Likija mbele pedali inakuwa na mchezo mwingi, likirudi nyuma breki inashika yenyewe na kuchemsha habu. Rekebisha nati ya fimbo ya breki, kagua taa ya breki, na hakikisha boliti ya mkono unaozuia bamba la breki imerudi na splitipini yake. Baada ya kilomita 100 pima cheni tena. Oili ya gia namba 90 idondoshwe upande wa ndani wa cheni ya chini huku ukizungusha tairi kwa mkono. Kupaka cheni oili huku injini inaunguruma ndiko kunakokata vidole vya watu.

Spidomita inayoendeshwa kwa waya kutoka tairi la mbele haitabadilika. Inayosoma kwenye gia itadanganya: ukiongeza jino mbele, mwendo wako ni mkubwa kuliko unaouona.

Wenye maduka, ombi letu kwenu ni dogo. Idadi ya meno mara nyingi imegongwa kwenye chuma chenyewe, na isipokuwepo kuhesabu ni nusu dakika. Chukueni makapeni mwandike juu ya boksi: 428-14, 428-15, 428-16. Na mteja akija na jina la pikipiki tu, muulizeni alikuwa na meno mangapi, anapita barabara gani na anabeba nini. Asiyejua, mrudisheni akahesabu kwanza.

Mafundi pikipiki,
Msamvu, Morogoro