Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Hii ni risala ya tatu klabu yetu kuisoma katika siku kama ya leo, na wewe ni mgeni rasmi wa kwanza kufika kabla ya saa iliyopangwa. Tumelichukua hilo kuwa dalili njema.

Klabu ilianza na wanachama wanne, leo tuko tisa, ongezeko la zaidi ya asilimia mia moja. Tumesimamisha bango la kuwatambulisha ndege wa bustanini, na limesimama hadi leo isipokuwa mguu mmoja. Tunayo pia darubini ya macho mawili, ambayo jicho lake moja bado linaona vizuri sana. Mafanikio mengine ni mengi ila muda hauruhusu.

Ndugu mgeni rasmi, sasa tuje kwenye mti.

Kelele unazozisikia nyuma yako si za darasa la nne. Ni za mnana, yule ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi na macho mekundu. Ukigeuka kidogo utaviona viota vyake vikining'inia kwenye ncha za matawi. Tunaomba ugeuke, maana wageni waliotangulia hawakugeuka.

Kiota kile husukwa na dume. Huuma ukingo wa jani refu la nyasi, kisha huruka nao mdomoni hadi utepe uchanike. Hakuna tope wala gundi: utepe hukanyagwa kwa mguu kwenye kitawi, mdomo huuzungusha, huupenyeza chini na kuuvuta juu mpaka ukaze. Kwanza hutengeneza pete, akasimama ndani yake, na kutoka hapo husuka hadi pale mdomo wake unapofika: upande mmoja chumba cha mayai, upande wa pili kibaraza chenye mlango unaotazama chini. Dume mzoefu anaweza kulimaliza umbo lote kwa siku moja. Madume wachanga hufunga vifundo vinavyofumuka, nasi wanachama wapya, tulio katika mwaka wetu wa kwanza klabuni, tunawaelewa.

Akimaliza hujining'iniza mlangoni kichwa chini na kupiga mabawa. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo kama mtu anayekagua shuka, na mara nyingi huondoka zake. Kiota kikishapoteza ukijani na kuwa kahawia, jike hakitaki tena. Dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya palepale. Mwanachama wetu mmoja alimtazama dume akifanya hivyo kipindi kizima cha hisabati, na adhabu ameshaitumikia.

Jike akikubali, hutandika ndani kwa nyasi laini na manyoya, hutaga mayai mawili au matatu, huatamia kwa siku zipatazo kumi na mbili, kisha makinda hukaa ndani karibu wiki tatu kabla ya kuruka. Jumlisha, Ndugu mgeni rasmi: ni kama wiki tano. Hizo ndizo tunazoziomba.

Matawi ya mti huu huangusha majani kwenye mfereji wa paa, na ni lazima yapunguzwe. Hatupingi hilo, na tunaomba lisikike vizuri kwa sababu mwaka jana tuliambiwa tunapinga maendeleo. Tatizo letu ni ratiba. Haipangwi na shule, na kila mwaka msumeno hufika mvua zikiwa zimeshaotesha nyasi, yaani wakati huohuo mnana anaposuka.

Mwaka jana tuliokota mayai chini ya matawi yaliyokatwa. Yaliyokuwa mazima tuliyapanga kwenye daftari lililofunguliwa. Mengine yalikuwa meupe, mengine ya buluu iliyopauka, mengine ya kijani yenye madoa. Kila jike hutaga rangi yake ileile maisha yake yote, na kwa rangi hiyo hulitambua yai la kekeo, ndege mwingine aliyekuja kumpachikia mtoto asiye wake, akalitupa nje. Kwa hiyo tuliweza kukadiria ni mayai ya majike wasiopungua wangapi. Makinda hatukuyahesabu. Yalikuwa hayana manyoya bado na macho yalikuwa yamefumba.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliisikiliza habari hii akasema, "Nimelipokea, litafanyiwa kazi." Wa mwaka jana alisikitika zaidi, akaahidi barua ndani ya wiki moja. Majina yao hatuyataji kwa heshima, na pia kwa sababu yamo kwenye kitabu cha wageni kilicho mbele yako. Kurasa zao tumezikunja pembe.

Ombi letu ni moja: matawi yakatwe baada ya kiota cha mwisho kubaki kitupu. Kwa kuwa majike hawaanzi kutaga siku moja, klabu itakagua mti kila asubuhi na kutoa taarifa, kwa lile jicho moja la darubini. Darubini mpya na mguu wa bango tutakuomba mwakani. Hatupendi kukuchosha.

Ili kukupunguzia kazi, barua tumeshaiandika. Imo ndani ya kitabu hicho, ukurasa usiokunjwa, na kinachokosekana ni sahihi yako. Kalamu iko juu yake, tumeijaribu asubuhi hii na inaandika.

Tunaomba kuwasilisha.