Waliosoma zamani Ulaya, walipata kazi gani?

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako limenikaa kichwani: hao vijana wa Ulaya ya zama za kati ninaohangaika kuwasoma mwaka wa tatu sasa, wakimaliza chuo walikwenda wapi?

Wengi hawakumaliza, shoga yangu. Kijana alifika chuo cha Paris na miaka kama 14 au 15, akaanza sarufi, mantiki, hesabu na elimu ya nyota. Kanuni za mwaka 1215 zilitaka asome miaka sita na afikishe umri wa miaka 21 ndipo afundishe masomo hayo. Kwa teolojia ilikuwa umri wa miaka 35! Nani alikuwa na baba wa kumlisha muda wote huo? Barua za kuomba fedha nyumbani zilikuwa nyingi hata vikatungwa vitabu vya mifano ya kuziandika.

Lakini aliyeishia njiani hakurudi mikono mitupu. Alirudi na Kilatini, na Kilatini ndicho kilichoendesha kanisa, mahakama na ofisi za wafalme. Karani mwenye mwandiko safi na barua iliyonyooka hakukosa pa kushika.

Waliotaka utajiri walisoma sheria, na kwa sheria hapakuwa na chuo kama Bologna, kule Italia. Natamani ungeiona! Wanafunzi wenyewe ndio waliowaajiri walimu. Mwalimu hakukosa hata siku moja bila ruhusa yao, na wakihudhuria chini ya watano alitozwa faini kana kwamba hakufika. Wengi wao walikuwa watu wazima, wengine tayari na vyeo kanisani, wakijua wanalipia nini. Wakitoka hapo, maaskofu, miji na wafalme waliwahitaji. Wa utabibu walikwenda Montpellier, Ufaransa, wakasoma Qanun, kitabu cha utabibu cha Ibn Sina kilichotafsiriwa kutoka Kiarabu.

Kinachoniuma ni hiki. Nafasi iliyotamaniwa kuliko zote, cheo cha kanisa chenye mapato yake, ilitaka mtu wa kukushika mkono. Karne ya 14 vyuo viliandika orodha ndefu za majina ya wasomi wao na kuzipeleka kwa Papa, vikiwaombea nafasi. Nilipofika hapo nilikukumbuka wewe na bahasha zako za maombi ya kazi, nikakifunga kitabu kwa muda. Watu walisoma miaka kumi na zaidi, kisha wakasubiri jina lao lisomwe, huku mtoto wa ukoo mkubwa akiingia bila shahada. Na sisi wanawake hata mlangoni tusingefika.

Likizo nitakuja na barua ya mwanafunzi wa Oxford, ya miaka ya 1220 hivi, anayemlilia baba yake kwamba mji ni ghali, pango na mahitaji vimemmaliza. Nimeanza kuitafsiri, tutaimalizia pamoja.

Niandikie usaili wa Alhamisi ulivyokwenda.

Wako,
Zawadi