Kabla ya penseli, mpeni mtoto maharage achambue

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wazazi wenye watoto wa miaka mitatu hadi sita, hasa wakati huu shule zinapokaribia kufungwa. Kila likizo swali ni lile lile: "Mwalimu, kazi ya nyumbani iko wapi?" Wengine wanataka daftari zima la kunakili herufi, wengine wanatafuta mwalimu wa tuisheni. Kwa umri huu, ushauri wetu ni kwamba daftari lisubiri. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inaanzia vidoleni, na vidole vya mtoto wa miaka minne havina nguvu ya kushika penseli nusu saa. Ukimlazimisha ataishika kwa ngumi na kuikandamiza mpaka karatasi itoboke, na mazoea hayo kuyang'oa darasa la kwanza ni shughuli. Nguvu ya vidole anaipata jikoni na uani, kwenye kazi ambazo kila nyumba inazo.

Tuanze na maharage. Weka kikombe kimoja tu, si kilo nzima, kwenye sinia la rangi moja. Sinia la maua linamchanganya macho. Mpe vibakuli vitatu: cha maharage mazima, cha yaliyobunguliwa, na cha mawe na takataka. Mwonyeshe punje moja iliyobunguliwa, aone tundu lake na aliguse kwa ukucha, kisha nyamaza umwache. Kuokota kwa kidole gumba na cha shahada ndiko kunakomwandaa kushika penseli. Baada ya dakika kumi hivi atachoka, na zinatosha. Yapitie maharage yake kabla ya kuyapika, lakini akiwa hayupo. Ukirudia kazi yake mbele ya macho yake, kesho hatakuja.

Aliye chini ya miaka mitatu asipewe punje kavu. Watoto hao huziingiza puani na masikioni, na harage likipata unyevu linavimba humo humo. Likishaingia, usimwagie maji wala usilichokoe kwa kijiti. Mpeleke kituo cha afya. Hao wape matembele au mchicha wanyofoe majani.

Kazi ya pili ni kukanda unga, na hapa wazazi wengi hukata tamaa mapema kwa sababu ya uchafu. Vipimo vya chapati chache ni hivi: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula, na maji ya uvuguvugu kati ya nusu na robo tatu ya kikombe. Mtoto ayatie maji kwa kijiko, kidogo kidogo, huku akikoroga kwa vidole. Yakimwagwa kwa mkupuo unga unakuwa uji, naye ataongeza unga bila kikomo, na chapati zitatoka ngumu kama soli. Mikono ikinata asikimbilie kuiosha, aipake unga mkavu aipekeche, na unga utabanduka wenyewe. Donge likishakuwa laini, lifunike kwa kitambaa kibichi dakika 20 hadi 30. Ukiruka hatua hii, kila atakaposukuma chapati itarudi nyuma, naye ataona kosa ni lake wakati kosa ni la unga ambao haujapumzika. Mkatie kidonge cha ukubwa wa ndimu. Chapati yake itakuwa na pembe tano. Ikaangwe hivyo hivyo, na yeye ndiye aile. Kukaanga ni kazi ya mkubwa peke yake.

Siku ambayo hakuna kupika chapati, unga wa kuchezea unatengenezwa kwa kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi na maji yasiyozidi nusu kikombe. Chumvi ndiyo inayouzuia usiote ukungu. Kwa sababu ya chumvi hiyo hiyo, asiule.

Kufua pia. Msimpe taulo wala suruali. Mpeni soksi zake mwenyewe au leso, beseni lenye maji yasiyofika kiwiko chake, na kipande cha sabuni ya mche kinachoenea kiganjani. Hatua iliyo na faida kuliko zote ni kukamua: mkono mmoja unazungusha kwenda mbele, mwingine kurudi nyuma. Mwanzoni mtoto huifinyanga tu kwa mikono yote miwili. Mshikie ncha moja wewe, yeye azungushe ncha ya pili. Baadaye atamudu zote. Kisha aanike kwa vibanio. Vibanio vipya huwa vigumu kwake, kwa hiyo mtafutieni vilivyolegea. Dawa ya kuondoa madoa isiwepo karibu, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Beseni limwagwe mara tu kazi inapokwisha, na ndoo zote zifunikwe, maana mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana.

Vifungo na kamba za viatu vinahitaji subira zaidi, na tunaona vinafundishwa vibaya mno, kwa kawaida saa kumi na mbili na nusu asubuhi huku basi la shule likipiga honi. Fundisheni jioni. Kwa vifungo, tandika mezani shati la mtu mzima lenye vifungo vikubwa. Mtoto hukwama kwa sababu anataka mkono ule ule usukume kifungo na kukivuta. Mwonyeshe kusimama katikati: kifungo kikifika nusu ya tundu, mkono wa pili unakipokea. Shati likiwa mwilini, aanzie kifungo cha chini anachokiona, si cha shingoni.

Kamba za viatu, watoto wengi huzimudu kati ya miaka mitano na sita. Kabla ya hapo ni kumtesa. Chukua kamba mbili za rangi tofauti, uziunge kwa fundo, na fundo hilo likae mwanzo wa matundu, upande wa vidole, ili aone ipi imepita juu ya ipi. Kaa ubavuni mwake, kiatu kikielekea mbele kama kinavyokaa mguuni. Ukikaa mkabala naye, ataona kila kitu kinyume. Anayetumia mkono wa kushoto, ikiwa wewe watumia wa kulia, ndiye wa kukaa naye uso kwa uso, kwa sababu kinyume hicho ndicho anachokihitaji. (Na jamani, kuwafunga watoto mkono wa kushoto wakati wa kuandika kukome.) Fundo la kwanza, vitanzi viwili vifupi, kimoja kipite juu ya kingine na kuingia chini, vuta. Vitanzi virefu hulegea kabla hajafika mlangoni, na kamba za duara za nailoni hufunguka haraka kuliko zile bapa za pamba. Anzeni mwisho: mzazi afanye hatua zote, mtoto aachiwe kuvuta vitanzi tu. Akizoea, aachiwe hatua mbili za mwisho, na kuendelea hivyo kurudi nyuma. Kila jaribio linaishia kwenye kiatu kilichofungwa, ndiyo maana hakati tamaa.

Kuhesabu hakuhitaji chati ukutani. Wapo watoto wanaoimba moja hadi ishirini bila kusita, lakini ukiwaomba vijiko vinne wanaleta rundo. Mpe kazi ya kuandaa mkeka au meza: kila mtu sahani moja na kijiko kimoja. Mwanzoni atembee mtu kwa mtu akiweka. Baadaye mwulize vijiko vingapi kabla hajaenda kabatini. Akileta pungufu usimwambie. Akigawa atagundua mwenyewe kuna aliyekosa.

Kwa wanaotaka mtoto aone kitu kikiota, choroko ni bora kuliko maharage au mahindi, maana hazichelewi. Loweka punje kumi usiku kucha, kisha zitandaze juu ya pamba iliyolowa kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Siku ya pili au ya tatu mizizi inachungulia. Zinazoharibika huharibika kwa kupendwa kupita kiasi: mtoto anamwaga maji kila akipita, choroko zinaelea, zinaoza na kunuka. Kipimo kiwe kizibo kimoja cha chupa ya soda, asubuhi na jioni. Tumieni choroko za kula za dukani. Mbegu za kilimo zilizopakwa rangi nyekundu, kijani au buluu zina dawa, na hazifai kushikwa na mtoto. Akishaona choroko zimeota, anaweza kuhamia mchicha kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Mbegu zake ni ndogo, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu zisirundikane, na zifunikwe kwa udongo mwembamba tu; zikizikwa kina hazitoki.

Yote haya ni ya wavulana na wasichana. Mvulana wa miaka mitano anayeachwa nje akisubiri kuitwa kula anafika shuleni na vidole dhaifu kuliko vya dada yake, na tunaliona hilo kwenye mwandiko.

Kuna jambo ambalo wazazi wanaofanya kazi husahau. Anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi, naye anajua jioni ataulizwa kama nyumba ni safi. Hawezi kuruhusu unga sakafuni wala beseni la soksi uani ikiwa mwenye nyumba hajamwambia waziwazi kwamba inaruhusiwa, na kwamba siku ya unga haulizwi kuhusu sakafu. Mwambieni dada huyo hayo mtoto naye akiwa anasikia. Mwonyesheni pia vipimo, na kipi hakiguswi: jiko, kisu, mafuta ya taa.

Nawe Mhariri tuna ombi. Ukurasa wa watoto wa gazeti lako hutoa picha za kupaka rangi na mafumbo. Katika wiki za likizo, tungependa kona moja ya ukurasa huo ipewe kazi moja ya mkono kila toleo, yenye vipimo na umri unaofaa. Tuko tayari kuziandika bila malipo.

Walimu wa madarasa ya awali,
Morogoro