Kabla Hujamwambia Shemeji "Ndiyo"

Shoga yangu wa siku nyingi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu. Kurasa tatu nzima za gari, watoto wametajwa mstari mmoja tu! Nimefurahi kusikia ni wazima. Huku nasi hatujambo. Kitinda mimba wangu sasa anajifunga mkanda mwenyewe, na kila safari lazima apigiwe makofi ndipo tuondoke.

Haya, tuje kwenye gari. Unasema shemeji amelipenda lile la viti saba, la dizeli, refu kama basi dogo, eti siku mkisafiri na wazazi mtaenea wote. Mwambie maneno hayo hayo niliyatoa mimi kwa mdomo wangu, nikanunua, na nikajuta karibu miaka mitatu.

Siti ya tatu kwanza. Ukiinyanyua, buti linabaki la kuingiza mkoba na viatu. Ukiilaza, umenunua viti viwili vya kulala. Safari ya kwanza na wazee nilifungua mlango wa nyuma kwa mbwembwe, nikasogeza siti ya kati, nikamwambia mama mkwe, "Karibu, pitia hapo." Alichungulia, akanitazama usoni, akafunga mlango taratibu na kwenda kukaa mbele. Mume wangu ndiye aliyesafiri huko nyuma.

Halafu hiyo dizeli. Nyingi za siku hizi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kinakusanya masizi, kisha yanaunguzwa humo humo gari likienda mwendo mrefu bila kukatizwa, joto likifika nyuzi 600 hivi. Kwenye foleni joto hilo hulipati. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, nikaidharau siku kadhaa, mara gari likawa zito, ukikanyaga mafuta halisogei. Fundi hakufungua hata boneti. Aliniuliza tu, "Mama, hili hulipeleki mbali?" Ikawa kila Jumapili asubuhi nalitoa barabara kuu bila shughuli yoyote, kama mtu anayempeleka mgonjwa mazoezi. Kwa msafiri wa kila siku dizeli ni nzuri, tena inavuta mzigo bila kulalamika. Kwangu mimi haikuwa na kazi.

Kwa hiyo kabla hujaangalia gari lolote, chukua karatasi uigawe katikati. Kushoto andika kilomita zako za wiki, kulia andika saa. Mimi nilifanya hesabu hiyo nikiwa nimeshachelewa, na majibu yake yalinishangaza. Kazini na shuleni ni kilomita 20 kwa siku, na zinanimalizia saa mbili. Kwa siku tano hizo ni kilomita 100 na saa 10. Mwisho wa wiki barabara kuu ni kilomita 200, na saa tatu hazifiki. Ukisoma safu ya kushoto, mimi ni mtu wa safari. Ukisoma ya kulia, mimi ni mkazi wa foleni. Safu zote mbili ni za kweli, ila kila moja inaamua mambo yake. Kilomita zinaamua mafuta, nguvu ya injini na jinsi gari linavyotulia kwenye spidi. Saa zinaamua gia, siti, kiyoyozi, na sura utakayofika nayo nyumbani.

Gia ndiyo nataka uiangalie kwa macho mawili, maana neno "otomatiki" limeficha mitambo zaidi ya mmoja, na muuzaji atakwambia tu "ni oto, mama" akidhani amemaliza.

Kuna ile ya toko konveta, ya miaka yote. Kati ya injini na gia kuna oili inayozungushwa ndani ya chungu, ndiyo inayosukuma. Kwa kuwa hakuna vyuma vinavyosuguana wakati wa kuanza kuondoka, unaweza kutambaa kwenye foleni asubuhi nzima nayo haijali. Mazda CX-5 tangu ilipotoka mwaka 2012 inatumia ya aina hii, yenye gia sita.

Kuna CVT. Hii haina gia za kuhesabu. Ina mkanda wa chuma au mnyororo unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubanana. Nissan X-Trail na Subaru Forester nyingi za miaka hii ziko huku. Mjini ni laini kama siagi, hujui imebadili saa ngapi. Ila ukikanyaga kwa nguvu barabara kuu, injini inapanda sauti na kubaki huko huko juu, inalia, na gari linakuja nyuma ya sauti. Wengine hawalijali hilo. Mume wangu linamkera mpaka anaongeza redio. Inadai oili yake maalumu. Ukiiwekea oili ya gia otomatiki za kawaida umeiua.

Na kuna ya klachi mbili, ambayo Volkswagen wanaiita DSG. Klachi moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, kwa hiyo gia inayofuata iko tayari kabla hujaihitaji. Barabara kuu hakuna inayoifikia kwa wepesi. Lakini zile ni klachi kwelikweli, na kutambaa kwenye foleni ni kuzisugua nusu-nusu zikipata joto. Mwenye saa nyingi za foleni kama wewe, mimi nisingemshauri, hasa gari likiwa limeshatumika.

Toyota wa haibridi, yaani magari yenye injini ya mafuta na mota za umeme pamoja, wana namna yao ya nne, nayo kwenye karatasi inaitwa e-CVT, jina linalochanganya watu maana haina mkanda wowote. Ndani mna seti ya meno na mota mbili za umeme, basi. Kwenye RAV4 haibridi, foleni ikisimama injini inazima, na ukikanyaga breki ule mwendo unarudi kwenye betri badala ya kupotea kwenye joto. Hapo mjini ndipo inapookoa mafuta. Barabara kuu faida inapungua, maana breki huzishiki, na upepo haujali unatumia nini. Ukitoka spidi 100 kwenda 120, upinzani wa upepo unapanda kwa asilimia 44, na gari refu kwenda juu linaubeba upepo mwingi kuliko gari la chini la saluni. Sasa ongeza zile reli za kubebea mizigo juu ya paa, ambazo shemeji najua anazitaka.

Kama safu yako ya saa inafanana na yangu, mimi ningeanza kutafuta haibridi, na nikikosa, toko konveta ya petroli. Muulize tu muuzaji betri inapozwa vipi. Kwenye nyingi za Toyota hewa inaingia kupitia matundu yaliyo chini ya siti ya nyuma, na watoto wetu unawajua kwa kutupa makoti na vinyago.

Foo wili? Kama njia zenu ni lami tupu, inaongeza uzito na kula mafuta. Kama kuna tope au mlima wa utelezi, chukua, ukijua kwamba tairi zote nne zitapaswa kuwa saizi moja na zimelika sawa.

Siku ya kujaribu sasa, na hii usimwachie shemeji peke yake. Nenda asubuhi na uwaambie mapema wasiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho, kwa sababu gia mbovu mara nyingi hujionyesha gari likiwa baridi. Washa, mguu kwenye breki, tia D, sikiliza. Tia R, sikiliza. Ikichelewa kushika, au ikishika kwa kugonga kama mtu anayebisha hodi, shukuru na uondoke. Kisha litafutie foleni, foleni kweli, na utambae nalo dakika 20. Hapo ndipo utakapojua kama linatetemeka likianza kusogea, na kama goti lako la kulia litalivumilia.

Toka barabara kuu. Nilipokuwa nanunua hili la sasa, nilijaribu mawili siku moja. La kwanza lilikuwa zuri kuliko yote kwa macho. Nikiwa kwenye 80 nyuma ya lori, njia nyeupe mbele, nikakanyaga mpaka chini kulipita. Moja... mbili... ndipo likakumbuka kwamba nimeliomba kitu. Kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo lilitumia mita zaidi ya 40 kufikiri. Nikarudi nyuma ya lori, jasho mikononi. La pili lilishusha gia papo hapo na lori likabaki kwenye kioo. Sikuuliza rangi tena.

Ukirudi, mpe shemeji usukani, wewe nenda nyuma na kiti cha mtoto ulichokuja nacho. Kifunge mwenyewe. SUV nyingi, yaani haya magari ya familia yaliyoinuka, zina vishikizo vya Isofix vya kunasia kiti cha mtoto kwenye siti mbili za pembeni tu, na wewe una watatu, kwa hiyo pima kama mkubwa anaenea katikati ya viti viwili na mkono wako unafika kwenye kifungo cha mkanda. Mimi mkono haukufika kwenye magari matatu mfululizo. Tazama na tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na uliza oili ya gia ilibadilishwa lini. Wakikwambia haibadilishwi maisha yote, usibishane nao. Mimi ya kwangu nabadilisha kila kilomita 60,000, na fundi akiimwaga huwa nasimama pale kuitazama rangi.

Taa ya mezani imeanza kunikonyeza na kitinda mimba ananivuta gauni. Niandikie ukishajaza zile safu mbili. Na shemeji akiendelea kung'ang'ania viti saba, siku ya kujaribu mwambie akakae yeye siti ya tatu, magoti kidevuni, nusu saa, wewe ukiendesha.

Wasalimie wote.

Ni mimi shoga yako